Nenda Ukamtafute Mtu Mwenye Kazi



Wapendwa waamini, wiki hii hatutaandika juu ya masomo ya Dominika, ingawa tulikuwa tumekwisha kuyaandaa. Tunawaomba radhi wale wanaochapa tafakari hizi na kuzipeleka jumuiyani. Lipo jambo lililotokea hapa parokiani siku kumi zilizopita, nasi tumeona kwamba tukilinyamazia tutakuwa tumeshiriki kosa lenyewe.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, mwanachama wa TYCS, alipewa kazi ya nyumbani pamoja na wanafunzi wenzake. Kila mmoja alitakiwa kumtafuta mtu anayeishi kwa taaluma fulani, amhoji, kisha aandike kurasa nne juu ya safari ya mtu huyo tangu shuleni hadi kazini. Wenzake walikwenda kwa daktari, kwa mwanasheria, kwa meneja wa benki. Wawili walikuja kwetu, nasi tukajibu maswali yale yale mara mbili. Binti huyu alikwenda kumhoji mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Ni kijana aliyekulia papa hapa, aliyepata kutumikia altareni enzi za paroko aliyetutangulia, na ambaye leo anaandika programu za magemu kwa mikataba ya kampuni za ng'ambo, akiwa katika chumba cha kupanga nyuma ya soko.

Baba yake alisoma ukurasa wa kwanza tu. Akamrudishia daftari na kumwambia: nenda ukamtafute mtu mwenye kazi. Jambo likafikishwa jumuiyani, na huko, badala ya kupata mtetezi, binti akapata mahakama. Mmoja alisema magemu ni mlango wa Ibilisi. Mwingine alisema kijana yule ni mvivu anayelala mchana. Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, alijitolea kumpeleka kwa mhasibu anayefahamiana naye. Kesho yake binti alikuja ofisini kwetu na daftari chini ya kanga, akatuuliza kama ametenda dhambi.

Tulilisoma daftari hilo usiku ule ule, mara mbili. Na tunasema waziwazi, bila kumzungukia mtu: binti hakutenda dhambi. Jumuiya ndiyo iliyokosea, tena imekosea katika jambo ambalo Mama Kanisa amelifundisha kwa zaidi ya karne moja.

Laiti wazee wangefungua ukurasa wa pili. Wangekuta binti ameuliza: kaka, siku yako huanzaje, na unafanya nini hasa? Na wangekuta jibu la mtu anayeijua kazi yake. Kijana alimweleza kwamba katika mchezo wa kompyuta hakuna kitu kinachotokea chenyewe. Mtoto anapobonyeza kitufe na mchezaji kwenye kioo akaruka, pana mtu aliyekokotoa mruko ule: anaanza na mwendo gani, uzito unamvuta chini kwa kasi gani, mguu unagusa ardhi wakati gani. Picha hubadilishwa mara 60 katika kila sekunde, kwa hiyo hesabu zote za tukio moja sharti zimalizike ndani ya milisekunde 16 hivi, la sivyo mchezo utakwama. Alimwonyesha karatasi zilizojaa vekta na trigonometria, somo lile lile ambalo binti alikuwa akilichukia darasani. Akamwambia kwamba kuandika programu ni sehemu ndogo ya siku yake. Sehemu kubwa hupita akitafuta makosa, na kuna kosa moja lililomchukua siku tisa, kumbe alama ya kutoa ilikuwa imewekwa mahali pa alama ya kujumlisha. Alianza kujifunza akiwa na miaka 12, katika kibanda cha intaneti kilichotoza kwa saa, akinakili masomo kwa kalamu kwa sababu hakuwa na fedha ya kuyachapisha.

Huyu ndiye asiye na kazi?

Ndugu zetu, watu wa Nazareti walimdharau Bwana wetu kwa sababu walijua kazi aliyoifanya. Sisi tumewazidi: tumemdharau mwenzetu kwa kazi ambayo hata hatuijui. Yoshua bin Sira, anapowataja mkulima, mchonga mihuri, mhunzi na mfinyanzi, anaeleza kwa makini jinsi kila mmoja anavyokesha juu ya kazi yake, na kukiri kwamba mji haukaliki bila wao. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya mwanadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba heshima ya kazi haitoki kwanza katika aina ya kazi, bali katika kwamba anayeifanya ni mtu. Baba Mtakatifu Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alilichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi wa viwandani mwaka 1891, kwa sababu leo pia kuna mapinduzi mapya ya viwanda yanayohusu akili bandia. Papa anaona wafanyakazi hapo. Jumuiya yetu inaona mvivu. (Tena chama chetu kinaitwa VIWAWA, na silabi ile ya mwisho ni ya Wafanyakazi, hatukumbuki kuona imeandikwa kwamba ni wa benki pekee.)

Katika ukurasa wa tatu binti ameandika habari ambayo kijana huyo alimsimulia, nasi tumeithibitisha. Yupo mtengenezaji wa michezo aitwaye Lual Mayen, mzaliwa wa familia ya Sudan Kusini iliyokimbia vita, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza kambini, alimwambia mama yake kwamba anataka kuwa nayo. Mama yule hakumwambia mwanawe aende kumtafuta mtu mwenye kazi. Kwa miaka mitatu alidunduliza, kimya kimya, mpaka akapata dola 300 za kununua kompyuta ya mkononi. Kambini umeme haukuwapo, na kijana alikuwa akitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo alioupa jina la Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekwepa mabomu na kutafuta maji na chakula, ili vijana wenzake wacheze amani badala ya vita. Baadaye alianzisha kampuni yake, Junub Games, huko Marekani, na mwaka 2018 alitunukiwa mbele ya dunia katika The Game Awards. Sisi tunao umeme, wenye kukatika lakini upo. Tunazo shule. Tulichokikosa ni kile alichokuwa nacho mama yule.

Sasa tunajua mtakachotujibu, maana mmekwisha kukisema: Padre, magemu yanawaharibu watoto wetu. Tunakubali kwamba yapo yanayowaharibu, na hapa ndipo tunapolazimika kuwa wakali zaidi. Yule binti mliyemkaripia ndiye mtu pekee katika jumuiya yote aliyeyagusa maovu hayo kwa kidole. Swali lake la 18 liliandikwa hivi: je, kuna kitu ulichokitengeneza ambacho usingependa mdogo wako akicheze?

Ameandika pembeni kwamba kaka alinyamaza kwa muda mrefu.

Kisha akajibu kwamba kipo. Miaka miwili iliyopita alipewa mkataba wa kutengeneza masanduku ya bahati ndani ya mchezo wa watoto: mtoto analipa fedha halisi, sanduku linafunguka kwa mwanga na muziki, na hajui atapata nini mpaka amekwisha kulipa. Kazi yake ilikuwa kupanga namba za uwezekano, yaani zawadi nzuri itoke kwa nadra kiasi gani ili mtoto asikate tamaa wala asiridhike. Aliifanya kwa sababu alidaiwa kodi ya miezi minne. Anajua kwamba Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka kuwa masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya magemu ni kamari kinyume cha sheria. Anajua pia kwamba mwezi Desemba 2022 serikali ya Marekani iliibana kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ikakubali kulipa dola milioni 520. Sehemu moja kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na dola milioni 245 kwa ajili ya kuwarudishia wateja walionaswa kwa vitufe vya hila wakalipia wasivyovitaka.

Hiyo, wapendwa, ndiyo dhambi. Ina umbo, ina bei, ina watu walioisanifu na watu wanaonufaika nayo. Lakini anayesema magemu yote ni ya Ibilisi hawezi kuiona, kwa sababu amekwisha kufumba macho kwa uchaji. Mtoto wake anamsikia akilaani mpira wa kwenye kioo na kamari ya kwenye kioo kwa sauti ile ile, naye anajifunza kutoisikiliza sauti hiyo kabisa. Na tusidanganyane: baadhi ya waliosimama jumuiyani kulaani magemu siku ile walikuwa na mkeka wa kubeti katika mfuko wa shati. Tunawafahamu, maana wengine huja kutukopa siku ya Jumatatu.

Kuna jambo la pili katika daftari ambalo limetuchoma sisi wenyewe. Binti aliuliza: kaka, unasali wapi? Kijana alijibu kwamba hajahudhuria Misa kwa miezi mitano. Hakuiacha imani. Mchezo unapokaribia siku ya kutolewa, kampuni hudai kazi usiku na mchana, na Dominika huhesabiwa kama siku nyingine. Tulidhani anajitetea, hata tulipokumbuka kwamba jambo hili linajulikana duniani tangu zamani. Mwaka 2004 mchumba wa mfanyakazi mmoja wa kampuni kubwa ya Marekani, Electronic Arts, aliandika barua ya wazi kueleza jinsi mwenzake alivyolazimishwa kufanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nne usiku, siku saba kwa wiki, bila malipo ya ziada. Wafanyakazi walikwenda mahakamani, na kati ya mwaka 2005 na 2006 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 30 kuyamaliza mashauri mawili. Hayo yalikuwa Marekani, penye mahakama na wanasheria. Kijana wetu aliye nyuma ya soko, mwenye mkataba wa miezi mitatu uliotumwa kwa barua pepe, atamshtaki nani? Mwezi Januari 2024 Microsoft peke yake iliwaondoa watu 1,900 katika idara yake ya michezo, na punguza-punguza ya namna hiyo ikiwakumba waajiriwa wa kudumu kule, mikataba midogo ya huku hukatwa kwa sentensi moja. Yeye alikatiwa mwaka huo huo.

Nasi tulikuwa wapi? Tunapita nyuma ya soko kila Alhamisi tukiwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu. Mlango wake tumeupita mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na hatukubisha hodi hata mara moja. Mwanakwaya akikosa mazoezi mawili tunatuma mtu akamwulizie. Kijana huyu alikosa Misa miezi mitano, na aliyekwenda kumwuliza hali yake ni mtoto wa kidato cha tatu mwenye daftari la shule. Tunaungama hilo mbele yenu.

Wapo watakaotukumbusha kwamba hata mtakatifu anaweza kupoteza muda kwa michezo. Sawa. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na mashine ya magemu, na husimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa wiki. Alijiwekea mwenyewe. Mzazi anayetaka mwanawe afike hapo aanze kwa kukaa naye na kuucheza huo mchezo, aone kama anaombwa fedha, na nani anamwomba. Ni kazi ya jioni moja.

Tumezungumza na baba wa binti. Hatutaandika hapa yote tuliyosemezana, ila ameukubali ukweli wa ukurasa wa pili na wa tatu, na bado anabishana nasi juu ya ule wa nne. Binti atawasilisha kazi yake shuleni kama alivyoiandika, bila mhasibu.

Kijana naye tumemtembelea. Alitukaribisha kwa chai ya rangi juu ya ndoo iliyogeuzwa meza, akatuonyesha jinsi mruko unavyokokotolewa, na tunakiri kwamba tulielewa nusu. Tumekubaliana kwamba atakuja ukumbi wa parokia Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, kuzungumza na vijana wa TYCS na VIWAWA, na kwamba binti ndiye atakayemhoji mbele ya watu. Wazazi wanakaribishwa, hasa wale wa jumuiya husika. Maswali yaandikwe na kuletwa ofisini kabla ya Ijumaa, na swali la 18 limekwisha kuandikishwa. Kwa kuwa wiki hii ana kazi ya kukabidhi na hawezi kufika Misa ya asubuhi, tumemwahidi kwamba Dominika hii kutakuwa na Misa saa kumi na mbili jioni, na tutaiendeleza kwa miezi mitatu tuone wanaokuja.