Daktari Kasema, Mchungaji Kasema… Wewe Je?

Kama una jambo limekukaa moyoni, basi mada ya leo ni yako hasa.

Wengi tunapenda kubishana vijiweni na maofisini: eti sayansi inaweza kumfariji mtu kama dini inavyomfariji? Mimi naomba leo tulitoe swali hili kwenye ubishi na tulipeleke chumbani, kwa watu wawili ambao mimba yao ya wiki tisa imeharibika juzi.

Unajua msiba huu ulivyo. Hakuna turubai, hakuna matanga, hakuna wa kuleta rambirambi, maana ndugu na majirani wengi hawakujua hata kama kulikuwa na mimba. Wawili wanarudi kutoka hospitali, wanafunga mlango. Tuseme mke ni mtu wa sala, mume ni mtu wa takwimu. Mke anashinda anaomba, mume anashinda kwenye intaneti akitafuta sababu. Kwenu inaweza kuwa kinyume, haidhuru.

Mume anasema, "Mke wangu, hili ni jambo la kawaida, linawatokea wengi." Mke anasikia: mtoto wangu ni namba tu. Mke anasema, "Tumwachie Mungu, mume wangu." Mume anasikia: nyamaza, usiulize. Wiki haijaisha kila mtu analia kivyake, na ufa umeshaingia ndani ya nyumba.

SAYANSI INA FARAJA YAKE

Tuanze na yule wa takwimu, maana mara nyingi ndiye anayeonekana hana moyo. Anachokisoma ni kweli. Kati ya mimba kumi zilizokwisha kujulikana, moja mpaka mbili huharibika, na nyingi ni kabla ya wiki ya 12. Karibu nusu ya hizo za mapema, au zaidi, zinatokana na hesabu ya kromosomu kutokaa sawa. Kromosomu ni vile vijinyuzi ndani ya seli za mwili vinavyobeba urithi wetu. Mtoto anatakiwa apate 23 za baba na 23 za mama. Ikizidi moja au ikipungua moja tangu siku ya kutungwa, mara nyingi mimba haiwezi kuendelea. Hapo hakuna aliyekosea. Si kwa sababu ulipanda daladala, si kwa sababu ulifua nguo, si kwa sababu mlikutana kimwili usiku ule, wala si kwa sababu mligombana.

Sasa weka maneno hayo masikioni mwa mwanamke ambaye mawifi wameshaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, au kwamba usichana wake haukuwa safi. Kwake ni kama kufunguliwa kamba. Hiyo ndiyo faraja ya sayansi, nayo si ndogo: inakutua mzigo wa lawama. Tumaini nalo inaacha, kwa sababu wanawake wengi walioharibikiwa mimba mara moja hubeba nyingine na kujifungua salama. Na kama imejirudia mara mbili au tatu, vipimo vipo, muulizeni daktari. Huku kwetu malaria nayo huharibu mimba, kwa hiyo chandarua na kliniki msivipuuze.

Ila mwisho wake ni hapo. Sayansi inakwambia kwa nini mimba ilitoka. Haikwambii yule uliyekuwa umeshaanza kumpa jina yuko wapi sasa. Wala haiji jioni kukaa nawe mkekani.

DINI NAYO INA YAKE

Swali hilo la pili ndilo dini inalijibu. Mwislamu anafundishwa kwamba mtoto aliyetangulia anawangoja wazazi wake. Mkristo anamkabidhi kwa Mungu akitarajia kuonana naye tena. Na jibu hilo haliji peke yake, linakuja na watu. Akina mama wa jumuiya wanaleta uji, sheikh anakuja kuomba dua, na siku ambayo wewe huna maneno unapewa maneno ya kusema. Hakuna maabara inayotoa huduma hiyo.

Lakini dini ikishikwa vibaya inaumiza pia. Kuna dada anaambiwa hiyo ni adhabu ya dhambi zake. Kuna kaka anaambiwa kulia ni kukosa imani. Watu hao mahubiri mengine hayatawasaidia. Wanahitaji mtu wa kuwaeleza habari ya zile 23 na 23.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba faraja hizi mbili hazifanani, na moja haiwezi kukaa kwenye kiti cha mwenzake. Shida inaanza pale unapomlazimisha mwenzio anywe dawa yako.

NDOA YA CHARLES NA EMMA

Ngoja nikupe mfano wa ndoa ya Uingereza ya zamani iliyoyapitia haya. Charles Darwin, yule tuliyemsoma shuleni kwenye habari za binadamu na sokwe, alimwoa Emma Wedgwood mwaka 1839. Emma alikuwa mcha Mungu, wakati imani ya Charles ilikuwa inayumba. Mapema tu Emma alimwandikia barua akimweleza hofu yake kwamba huenda wasiwe pamoja milele. Charles aliitunza barua ile, na chini yake akaandika kwamba akishakufa, Emma ajue ameibusu na kuililia mara nyingi.

Walipata watoto kumi, watatu wakafa wangali wadogo. Mmoja wao ni Annie, aliyefariki Aprili 23, 1851 akiwa na miaka 10. Charles alikuwa naye mji wa Malvern, alikopelekwa kwa tiba ya maji iliyosifika siku hizo. Emma alibaki nyumbani kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaribia kujifungua. Sayansi ya wakati ule haikumfariji Charles. Tena ilimwongezea hofu, maana yeye na Emma walikuwa mtu na binamu yake, akaogopa kwamba wamewarithisha watoto udhaifu.

Sasa sikia Emma, yule mwenye imani, alimwandikia nini mumewe baada ya kupata taarifa. Alimwambia kwamba tumaini lake pekee la kufarijika ni yeye arudi nyumbani salama, walie pamoja.

Charles alirudi. Wiki moja baada ya kifo alikaa akaandika kumbukumbu za mwanawe, furaha yake na tabia zake. Emma alitunza kikasha cha vifaa vya kuandikia vya Annie. Hawakukubaliana kuhusu mbingu mpaka Charles anafariki mwaka 1882, lakini ndoa yao ilidumu miaka 43.

UFANYE NINI BASI?

1. Kabla ya kumwaga takwimu au aya, muulize: "Unataka nikueleze alichosema daktari, au nikae tu na wewe?"

2. Nendeni wote. Kama huna imani, msindikize msikitini au kanisani hata umsubiri nje. Kama vipimo havikuvutii, ingia naye kwa daktari msikie majibu pamoja.

3. Usimtumie Mungu kumnyamazisha mwenzio, wala usiitumie sayansi kumcheka.

4. Mpeni mtoto wenu msiba wake. Ombeni dua, someni misa, pandeni mti, andikeni barua. Msikubali aondoke kimyakimya kama hakuwahi kuwepo.

5. Miezi ikipita na mmoja wenu bado hali wala halali, tafuteni mshauri nasaha. Kufanya hivyo hakuvunji imani ya mtu.

Haya mpenzi msomaji, nafasi imeniishia. Na kama unasoma haya wakati mwenzio yuko chumba cha pili analia peke yake, lifunge jarida hili umfuate. Tukutane mwezi ujao kwa mada nyingine.