Kukataza Si Kufundisha

Wasomaji wetu, mwaka 1979 ilitolewa huko Uingereza sinema ya kuchekesha, Life of Brian, habari za mtu aliyezaliwa jirani na hori la Bwana wetu, akadhaniwa kuwa Masihi. Wakaguzi waliiruhusu kwa wenye miaka 14 na zaidi. Mabaraza kadha wa kadha ya miji yakaikataza. Norway nayo iliikataza mwaka 1980. Waswidi wakaitangaza ya kwamba yachekesha mno hata Norway wameikataza! Katazo likageuka baragumu.

Mwaka 2019 Waingereza waliishusha alama ya umri. Basi, alama hubadilika. Twasema yafaa, maana yamwonya mzazi; lakini mzazi asiyeketi na mwanawe kumweleza dhihaka ni nini na imani ni nini, amewaachia wageni malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.