Prosesa Nazo Zataka Mizani ya Haki

Mizani ya shairi ni hesabu, walakini hesabu peke yake haijawa shairi. Mshororo waweza kutimia mizani 16, 8 ukwapini na 8 utaoni, na vina vikaoana, kisha usiwe na neno hata moja la kumfaa mtu. Jambo hili kila mjuzi wa tungo alijua. La ajabu ni kuwa vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, wanaojiundia kompyuta za michezo kwa mikono yao, hulisahau wanapochagua prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta. Huitazama tarakimu iliyo kubwa kuliko zote katika tangazo, wakaiamini, wakatoa fedha.

Natuchukue mfano wa mwaka 1 tu. Tarehe 24 Oktoba 2024, kampuni ya Intel ilitoa Core Ultra 9 285K, yenye viini 24, kwa bei ya dola 589. Wiki 2 baadaye, tarehe 7 Novemba, AMD wakatoa Ryzen 7 9800X3D, yenye viini 8 tu, kwa dola 479. Mwenye kuhesabu viini angeapa kwamba hapa hapana mashindano. Zilipopimwa katika michezo, ile ya viini 8 ndiyo iliyotangulia, tena kwa umbali. Ile ya Intel ilishindwa hata na mkubwa wake wa mwaka 2023, Core i9-14900K, katika michezo mingi.

Sababu yake si uchawi. Muuza duka ambaye bidhaa zake ziko rafuni, karibu na mkono, humhudumia mteja upesi kuliko yule anayelazimika kila mara kumtuma mtumishi bohari. Prosesa nayo ina rafu yake ya kumbukumbu iliyo ndani yake, na bohari yake ni kumbukumbu kubwa ya kompyuta iliyo mbali. Ryzen 7 9800X3D ina rafu ya megabaiti 96, na ile ya Intel ina 36. Michezo hupenda mno rafu pana. AMD walianza kuipanga rafu hiyo juu ya viini katika Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Katika 9800X3D wakaishusha chini ya viini, ili joto lipate njia ya kutokea.

Je, hii ndiyo kusema viini 24 ni bure? La hasha. Mwenye kazi ya kuhariri filamu au kuunda picha za kompyuta atavipenda viini hivyo, na vitamlipa. Swali la kwanza katika mizani ya haki ni hili: kitu hiki chapimwa kwa kazi gani?

Swali la pili ni: kimepimwa pamoja na nini? Wapimaji wengi hutumia kadi ya picha iliyo kali kuliko zote, na picha ya vitone 1920 kwa 1080, ili kadi isiwe kizuizi na prosesa ionekane nguvu zake. Ni njia sahihi kwa kusudio lao. Lakini kijana mwenye kadi ya wastani, au mwenye skrini ya vitone 3840 kwa 2160, atakuta kadi ndiyo inayochoka mwanzo, na ile tofauti aliyoiona katika majedwali imeyeyuka. Kijana huyo angetosheka na Ryzen 5 7600, yenye viini 6, iliyotoka Januari 2023 kwa dola 229, pamoja na feni yake. Baki ya fedha aiweke katika kadi. Kulipia nguvu usiyoweza kuitumia ni israfu, na israfu twaijua hukumu yake.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kwa miaka kadhaa kampuni hizi zimeshindana kwa tarakimu. Core i9-14900K ilijisifu kwa gigahezi 6, na ili ifike huko iliruhusiwa kula hadi wati 253 za umeme. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba prosesa kadhaa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipelekewa volti kupita kiasi na kuharibika polepole. Wakatoa marekebisho Agosti mwaka huo, na wakaongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo hukinga. Prosesa iliyokwisha kudhurika hayaiponyi. AMD nao si malaika: mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 ziliungua kwa volti, ikabidi waiwekee mpaka.

Prosesa hizo za kizazi cha 13 na cha 14 zauzika mkononi, zikiwa zimetumika. Naye muuzaji aweza kusema "nzima kabisa" bila kutaja kama ile programu ya msingi ya ubao ilipata kurekebishwa, wala kama kompyuta ilikuwa ikizimika katikati ya mchezo. Waislamu wenzangu, sharia yetu ya biashara haikungoja kompyuta zizuke ndipo iseme. Muuzaji aliyeijua aibu ya bidhaa yake na akaificha ametenda dhambi, na mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Suratul Mutaffifin imewaonya wenye kupunja vipimo, na kunyamaza juu ya aibu nako ni kupunja.

Wako wazee wenzangu watakaosema: michezo ya watoto hii, ya nini kuipotezea wino? Nawajibu kwamba kijana aliyekusanya zaidi ya shilingi 60,000, kabla ya nauli na ushuru, kununua kipande kisichojaza kiganja, hafanyi mchezo. Amejifunza ufundi, na ufundi wataka uaminifu kama ulivyoutaka useremala wa majahazi.

Basi, enyi vijana, ulizeni kazi, ulizeni kadi, ulizeni joto, maana kaskazi ya Mombasa haina huruma kwa wati 253. Ulizeni pia kama ubao mtakaonunua utapokea prosesa ya kesho: soketi ya AM5, iliyoanza mwaka 2022, AMD waliahidi kuihudumia hadi 2027 na zaidi, ilhali 285K ilidai ubao mpya. Nanyi wauzaji, mnunuzi akiuliza, mjibuni mnayoyajua yote, na asipouliza, mwambieni.