Msitumie Kim Le Court kutuhubiria hasla

Aprili 27, 2025, wanawake wanne walifika pamoja kwenye mita za mwisho za Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji, baada ya kukanyaga pedali kwa zaidi ya kilomita 150 za vilima. Mmoja alikuwa Demi Vollering wa Uholanzi, aliyekuwa ashashinda mbio hizo mara mbili. Mwingine ni Mholanzi mwenzake Puck Pieterse. Wa tatu, Cédrine Kerbaol wa Ufaransa. Wa nne alitoka Morisi, kisiwa ambacho wengi wetu tunakijua tu kwa picha za watu wameenda fungate.

Aliyeshinda ni huyo wa Morisi.

Kimberley Le Court, miaka 29, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mojawapo ya zile mbio tano za siku moja zinazoheshimiwa kuliko zote kwenye baiskeli. Miezi mitatu baadaye alikuwa Ufaransa amevaa jezi ya njano ya Tour de France ya wanawake, na hapo pia hakuna Mwafrika aliyekuwa amemtangulia. Akainyakua mkondo wa pili, akaipoteza, akairudisha mkondo wa tano kwa kushinda mjini Guéret. Mkondo wa saba akaanguka kwenye mteremko, akaamka, akafukuza kundi la mbele hadi akalifikia na jezi ikabaki mgongoni.

Manze, hiyo ni stori tamu. Na najua vile stori kama hii huishia kwenye simu zetu: video ya sekunde thelathini, muziki wa kukusisimua, na maneno meupe juu ya picha yake yakisema USIKATE TAMAA. Halafu kuna msee wa suti anakwambia siri ya mafanikio ni kuamka saa kumi alfajiri.

Shida ni kwamba Kim Le Court aliondoka.

Alijaribu Ulaya akiwa bado mdogo, na haikushika. Akarudi huku kusini mwa Afrika, akaweka mbio za barabarani kando, akaendesha baiskeli za milimani. Huko alifana. Mwaka wa 2023 yeye na Vera Looser wa Namibia walishinda Cape Epic upande wa wanawake, mashindano ya siku nane Afrika Kusini ambapo mnaendesha wawili wawili. Ni mwaka wa 2024 ndipo aliporudi kwenye ngazi ya juu ya barabara Ulaya, na timu ya Ubelgiji inayoitwa AG Insurance–Soudal. Julai mwaka huo akashinda mkondo wa mwisho wa Giro d'Italia ya wanawake. Alikuwa na miaka 28, umri ambao kwa michezo mingi watu wanaanza kukuuliza unastaafu lini.

Sasa ebu tuulize swali ambalo ile video ya sekunde thelathini haiulizi. Kati ya Ulaya ya kwanza na Ulaya ya pili, ni nini kilichobadilika?

Yeye alikomaa, hilo halina ubishi. Lakini mchezo wenyewe pia ulibadilika, na uliobadilika sana ni upande wa doo. Alipojaribu mara ya kwanza, hakukuwa na mshahara wa chini kwa mwanamke anayeendesha baiskeli kama kazi. Wanaume walikuwa nao miaka mingi kabla. Wanawake walikuwa wanaweza kusaini mkataba na timu ya kulipwa, wavae jezi yenye majina ya kampuni kubwa kubwa, wapande milima ile ile, na mwisho wa mwezi wasione kitu. Wengine walikuwa na kazi nyingine pembeni. Wengine walitegemea wazazi.

Mwaka wa 2017 waendeshaji wenyewe wakaunda chama chao, The Cyclists' Alliance, wakaanza kudai. Mwaka wa 2020 shirikisho la dunia, UCI, likaweka mshahara wa chini kwa timu za ngazi ya juu za wanawake: euro 15,000 kwa mwaka, pamoja na likizo ya uzazi yenye malipo. Mwaka uliofuata ukawa 20,000. Kisha 27,500. Kufikia 2023 ulikuwa umepita 32,000, sawa na kiwango cha chini cha wanaume wa ngazi ya pili. Na mwaka wa 2022 Tour de France ya wanawake ikarudi kama mashindano kamili ya mikondo minane, baada ya miaka ambapo waandaaji waliwapa siku moja, mara moja siku mbili, eti washukuru.

Sisemi ni pesa pekee iliyomrudisha. Miguu ni yake na jasho ni lake. Nasema hivi: mchezo ambao Le Court alirudia mwaka wa 2024 ulikuwa umeanza kumlipa mwanamke anayeufanya. Kuondoka mahali ambapo hulipwi si udhaifu, na kurudi mahali pakishakuwa na mshahara si muujiza. Ni hesabu ya kawaida ambayo mama yeyote wa kibanda cha mboga anaielewa.

Hapa ndipo mahubiri ya hasla yanaponikera. Kijana wa Nairobi anaambiwa akifeli ni kwa sababu hakujituma. Anapewa intanshipu ya miezi sita bila hata nauli ya matatu, anaambiwa "unapata uzoefu". Msichana anachezea klabu inayomwambia jezi tu ni heshima. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili. Mchana nilikuwa darasani na usiku naandikia kampuni moja bila malipo, kwa ahadi kwamba najijengea jina. Jina halikulipa karo. Na kila mtu aliyenipa ushauri wakati huo alinieleza kuhusu bidii yangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini kazi yangu ilikuwa ya bure.

Najua mtu ashaanza kuandika maoni hapo chini: "Lakini soko! Wanawake hawatazamwi, kwa hivyo hawawezi kulipwa." Sawa, tuangalie hilo. Kwa miaka mingi mbio za wanawake hazikuonyeshwa kwenye runinga, au zilionyeshwa vipande tu, halafu wakasema hazina watazamaji. Ni kama kufunga duka na kulalamika kwamba hakuna mteja. Zilipoonyeshwa, watu walitazama. Julai 2022 barabara za Ufaransa zilijaa watu waliokuja kuwaona wanawake. Mikondo minane ikaongezwa ikawa tisa mwaka wa 2025. Pesa na kamera zilitangulia, watu wakafuata.

Na tusidanganyane kwamba vita vimeisha. Mwaka wa 2021, Lizzie Deignan wa Uingereza alishinda Paris–Roubaix ya kwanza kabisa ya wanawake, mikono ikiwa imechubuka damu kwa ajili ya zile barabara za mawe. Zawadi yake ilikuwa euro 1,535. Mwanaume aliyeshinda kesho yake alipewa 30,000. Tour ya wanawake iliporudi mwaka wa 2022, mshindi aliahidiwa 50,000 huku wa kiume akipata 500,000. Na hadi leo, chini ya zile timu za juu kuna timu ndogo ambazo hazilazimiki kumlipa mwanamke mshahara wa chini wowote.

Maoni ya pili nayajua pia: "Huyo Le Court si mfano wetu, ni Mwafrika mwenye asili ya Kizungu, na baiskeli moja ya mashindano inaweza kuuzwa zaidi ya dola 10,000." Ni kweli, na hilo linazidi kunipa hoja. Kama mtu aliyekuwa na baiskeli nzuri na pasi ya kufika Ulaya bado haikumshikia mara ya kwanza, msichana wa Kayole anayependa baiskeli atashikilia nini? Motisha? Kwake yeye mshahara ndio unaoamua kama atajaribu au hatajaribu kabisa. Mwenye pesa za nyumbani anaweza kuvumilia miaka mitatu bila malipo. Maskini hana hata miezi mitatu. Kwa hivyo kila tunapofanya kazi ya bure kuwa mlango wa kuingilia, tunachagua wenye uwezo na kuwaita wenye bidii.

Sisi Wakenya tuna ushahidi wetu nyumbani. Mbona wasichana wa Iten na Kapsowar wanaamka kukimbia bila kuhubiriwa? Kwa sababu marathoni kubwa kama Boston na London humlipa mwanamke anayeshinda sawa na mwanaume, na msichana ameona kwa macho yake nyumba iliyojengwa na dada wa jirani. Brigid Kosgei aliacha shule ya sekondari kwa kukosa karo. Mwaka wa 2019 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:14:04, rekodi ya dunia wakati huo. Bidii alikuwa nayo, tena nyingi. Lakini alikuwa anakimbilia mchezo wenye malipo mwishoni. Iten hiyo hiyo sasa ina Team Amani, timu ya waendeshaji baiskeli wa Afrika Mashariki. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Kigali, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Watoto wa kike walisimama kando ya barabara wakawaona wanawake bora duniani wakipita na kupita tena.

Wale watoto watatuuliza kitu. Tusiwajibu kwa nukuu za motisha. Shirikisho likija na mpango wa "kukuza vipaji vya wasichana", swali la kwanza liwe mshahara ni ngapi na unalipwa tarehe ngapi. Kampuni ikitaka jina lake kwenye jezi, ilipie miguu inayoibeba jezi. Na rafiki yako akiacha timu, kazi au kozi kwa sababu haimlishi, usimwambie amekata tamaa. Muulize kwanza alikuwa analipwa nini.

Le Court aliondoka, akarudi, akashinda. Tumpigie makofi kwa kushinda. Lakini ile miaka ya katikati si yake peke yake. Ni ya wanawake waliokaa mezani wakadai mshahara, wengine wakiwa washastaafu na wakijua hawatauona. Wao hakuna anayewatengenezea video.