Rangi ya Behewa na Heshima ya Abiria

Kabla treni ya reli mpya haijaanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, watu walibishana sana juu ya mabehewa yaliyokwisha kutumika Ujerumani, yakakarabatiwa. Wengine waliyaita mitumba. Neno hilo halinisumbui. Wengi wetu huja Misani tumevaa mitumba, nami pia. Hata MV Liemba yetu ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikahudumia ziwa kwa miongo mingi.

Kinachonisumbua ni hiki: rangi mpya huonekana stesheni, mchana, mbele ya wageni. Choo kisicho na maji hugunduliwa usiku, treni imeshaipita Uvinza, na mama amepakata mtoto anayeharisha. Toka Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilometa 1,250 hivi, na mchuuzi wa dagaa wa Ujiji hukaa humo siku nzima na usiku wake, au zaidi.

Mkataba wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Tukiwa tunaingoja, viongozi wa jumuiya wasiulize behewa limepakwa rangi gani. Waulize breki zake zilikaguliwa lini, na nani aliyetia saini.