Kifua Kikuu cha Mchimbaji Hakikutoka Hewani

Kila ninapogusia fidia ya mchimbaji wa dhahabu aliyeugua kifua kikuu, hujibiwa kwamba ugonjwa huo humpata yeyote: mpiga debe wa Kahama, mwalimu wa Shinyanga, hata mhadhiri. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na ndiyo nusu inayowadhulumu watu.

Miamba ya dhahabu ya Geita na Kahama ina silika kwa wingi. Ipasuliwapo kwa baruti au kusagwa kwenye karasha, hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, huzilemaza seli zinazomeza vijidudu, na huacha makovu yasiyofutika. Hiyo ndiyo silikosi, nayo haiponi. Mapafu yaliyopokonywa walinzi wake hushindwa kumzuia bakteria wa kifua kikuu. Ugonjwa wa pili, basi, ni mtoto wa ule wa kwanza.

Shirika la Kazi Duniani limekitaja kifua kikuu kinachoambatana na silikosi katika orodha yake ya magonjwa ya kazi ya mwaka 2010. Marekani, askari mstaafu anayelipwa kwa goti alilolivunja jeshini anaweza kudai pia kwa nyonga iliyoharibiwa na kuchechemea. Mantiki ni ileile.

Kwetu, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Niliishangilia hatua hiyo, kwa kuwa fidia haikutegemea tena uhai wa kampuni. Lakini silikosi haina haraka. Huendelea kukua hata baada ya mtu kuuacha mgodi. Tuchukulie kijana aliyeacha kazi mgodini mwaka 2021. Mwaka 2030, akiwa mkulima wa mpunga, anakohoa damu mbele ya tabibu asiyemuuliza aliwahi kufanya kazi gani. Anapewa dawa za miezi sita, makohozi yanakuwa safi, anaandikiwa kuwa amepona. Mapafu je? Na nani atamwambia kwamba ana dai?

Nataka mzigo wa ushahidi ugeuzwe. Silikosi ikithibitika, kifua kikuu kihesabiwe kuwa cha kazini, na anayekanusha ndiye athibitishe. Kliniki za kifua kikuu za ukanda huu zimuulize kila mgonjwa historia ya kazi yake na kumpiga picha ya kifua.

Hayo ni ya mwajiriwa. Mchimbaji wa duara la Nyarugusu, anayelipwa kwa mifuko ya mawe bila mkataba, hana hata mlango wa kubisha. Mwajiri wake ni nani: mwenye leseni, mwenye duara, au mwenye karasha? Mawe wanagawana, vumbi wanamwachia yeye. Tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, serikali hukata mrabaha kwenye dhahabu yake, imepimwa hadi sehemu ya gramu. Sehemu ya makato hayo iingizwe WCF kwa jina lake, na mwenye leseni achangie yake kabla leseni haijahuishwa.