Mbwa wa kufukuza yuko, mbwa wa kutafuta yuko wapi?

Mvua imeanza kunyesha tena Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Kila mwaka ni vile: udongo unakunywa maji, unakuwa muzito, na mashimo yenye haikutiwa miti vizuri inabomoka. Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobaki nyumbani na simu mukononi, hayo munayajua. Leo tuzungumze juu ya jambo lenye haliingii sana mu mikutano ya sendika: mbwa.

Ndiyo, mbwa. Juu mu migodi kadhaa ya kwetu mbwa yuko tayari. Usiku anapita na mulinzi kando ya lupango, rangi kama majani makavu, uso mweusi, masikio yamesimama. Wamoja ni Malinois. Jina hilo lilitoka mu muji wa Malines, Ubelgiji, na mababu zake walikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Kazi yake kwetu tunaijua: kufukuza creuseurs. Lakini mu inchi zingine, mbwa wa namna ile ile anatafuta watu wenye kufunikwa na nyumba kisha tetemeko. Pua ni moja, miguu ni ile ile. Kwa nini sisi tulipewa upande mumoja tu wa mbwa huyu?

Udongo hauui wote siku moja

Tarehe 27 Juni 2019, ku mugodi wa KOV, Kolwezi, udongo ulibomoka juu ya creuseurs na watu zaidi ya 40 walikufa. Siku chache kisha, askari walitumwa kutosha creuseurs mu mugodi. Tarehe 11 Septemba 2020, Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo ya zahabu, na watu kama 50 walikufa.

Namna mambo inapita kisha ajali tunaijua. Ndugu wanachimba na mikono na beshi. Wakubwa wanafika. Kisha saa fulani mutu anasema: hakuna muzima tena, twende tuzike. Nani alimuambia? Hakuna mutu. Anasema vile juu hasikie sauti.

Lakini kuwa kimya si kufa. Mwaka wa 2015, kule Nyangalata, Tanzania, wachimbaji walifungiwa chini ya udongo, na watano walitoka wazima kisha siku 41. Mwezi wa 3 mwaka wa 2023, Kivu ya Kusini, dunia nzima iliona mu video wachimbaji 9 wakitoka mumoja mumoja ndani ya tundu dogo, juu mwenzao alikuwa juu anachimba. Basi swali la kwanza kisha kila ajali ni hili: chini kuko mutu muzima, na yuko upande gani? Sisi wenye kusimama juu hatuwezi kujibu. Mbwa mwenye kufundishwa anaweza, si kila mara, lakini anaweza.

Namna anafundishwa

Mbwa wa kutafuta hafundishwe na fimbo. Anafundishwa na muchezo, tangu utoto.

Wanamuchagua wakati ana juma kama 8. Hawatafute mukali. Wanatafuta yule mwenye kukimbilia kitambaa na kukivuta bila kuchoka, mwenye kusikia sufuria inaanguka, akashituka, kisha akarudi kuangalia ni nini. Na tena mwenye kuendea watu asiowajua bila woga. Mpaka miezi 3 au 4, akili yake iko wazi, na vitu atakavyozoea mu siku zile havitamuogopesha tena. Kwa hiyo anapitishwa ku soko, ku kelele ya jenereta na camion, juu ya mabati yenye kulia, juu ya mawe yenye kuteleza, mu giza.

Kisha inakuja kujificha. Mutu anashika mupira, anakimbia mbele ya macho ya mutoto wa mbwa, anajificha nyuma ya ukuta. Mbwa anamufuata, anamupata, anabweka, na anapewa mupira. Siku zingine mutu anajificha bila mbwa kumuona. Halafu chini ya mbao, halafu mu tundu lenye kufungwa na mawe, na watu wengine wanasimama pale karibu, ili mbwa ajifunze kuacha wenye kuonekana na kutafuta yule asiyeonekana. Hafuate nyayo. Anatafuta harufu ya mutu muzima yenye kupanda na hewa kati ya mawe, na pale inapotoka kwa nguvu anasimama na kubweka.

Shikeni jambo moja hapa: mupira unatoka mukononi mwa yule mwenye kujificha, hautoke kwa mwongozi wake. Njo siri yote. Mu kichwa cha mbwa, mutu wa chini ya udongo anakuwa furaha.

Kazi hii inaomba mwaka mumoja na nusu mpaka miaka 2, na mwongozi mumoja mwenye kukaa na mbwa kila siku. Kisha hapo ni mazoezi kila juma, mpaka mbwa anapumzishwa akiwa na miaka 8, 9 ao 10.

Mbwa wa lupango hafai

Wamoja watasema: basi tuchukue wale wa kulinda, siku ya ajali tuwapeleke. Hapana. Mbwa wa kulinda alifundishwa kinyume. Kwake, mutu mwenye kutoka gizani ni wa kuuma. Huwezi kumuachilia ndani ya shimo kwenye kijana amelala amevunjika miguu. Damu ya mbwa ni moja, lakini mutu alimuonyesha mumoja kwamba creuseur ni mwizi, na alimuonyesha mwingine kwamba ni mutu wa kuokoa. Mbwa hakuchagua. Wenye pesa walichagua.

Na wasituambie Mukongomani hawezi kazi hii. Mu hifadhi ya Virunga, tangu 2011, walinzi Wakongomani wanaongoza mbwa wenye pua kali kufuata wawindaji haramu. Kama pua ya mbwa inalinda tembo, inaweza kulinda mutoto wa mutu. Hata jirani zetu wa Morogoro, Tanzania, kwenye shirika la APOPO, wanafundisha panya buku, wakubwa wa mu pori wenye wengine wetu tunatia mu sufuria, kuingia mu vifusi na kamera ndogo mugongoni ili kutafuta watu. Walianza na panya wale kunusa mabomu ya ardhini. Njia iko. Inakosa mwenye kuianza kwetu.

Mbwa si mungu

Tusidanganyane. Kama potopoto imefunga shimo kabisa, harufu haipande na mbwa atapita juu bila kusema kitu. Ndani ya shimo la mètre 30 lenye hewa mbaya, mbwa anakufa sawa mutu. Jua likiwa kali anahema na kinywa wazi, na mbwa mwenye kuhema hanuse vizuri. Anatumika kama nusu saa, kisha anapumzika. Ndiyo maana hawapeleke mumoja peke yake: wa pili anapumzisha wa kwanza, na anahakikisha alama yake. Tena mbwa anaonyesha pa kuchimba tu. Kama hakuna mashini, miti ya kushikilia udongo, pompe ya maji na munganga pale juu, atabweka bure.

Kwa hiyo kompanyi ikinunua mbwa wawili, ikapiga picha nao ku mulango wa mugodi, na mashimo inabaki bila miti, tutajua ni picha tu. Kazi ya kwanza ni udongo usianguke.

Tunaomba nini

Kwanza, kompanyi za muji mumoja ziungane kulipa ekipe moja ya mbwa wa kutafuta, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Hakuna hata moja inayopaswa kubeba yote peke yake. Lakini kompanyi yenye kulisha mbwa wa kulinda kila siku isituambie haina nyama ya mbwa wa kuokoa.

Pili, pesa hiyo isitoke mu ile 0,3 % ya chiffre d'affaires yenye Code minier ya 2018 inaomba kwa maendeleo ya wenyeji. Ile ni ya masomo, maji na hospitali. Usalama wa kazi ni deni la mwenye mugodi.

Tatu, waongozi wa mbwa wawe wafanyakazi wenye kontra ya kweli. Ukimuweka mutu ku sous-traitance na kumubadilisha kila miezi 3, mbwa anapoteza mwenzake na mafundisho inakufa.

Ine, ekipe itoke kwa kila ajali, akiwa ni mufanyakazi wa kompanyi ao creuseur. Chini ya udongo hawaombe kadi ya kazi.

Tano, kwenye kila shimo, majina ya wenye kushuka yaandikwe asubuhi mu kaye, na yafutwe mangaribi wakitoka. Hii haiombe hata franka moja ya kompanyi, na PDG wa shimo anaweza kuianza kesho. Mbwa anaweza kusema kuko mutu. Hawezi kusema wamebaki wangapi.

Na kwetu mu cité kuko kazi. Watoto wetu wamezoea kutupia mbwa mawe. Mbwa wa kuokoa lazima akue kati ya watu wenye kumugusa na kucheza naye. Akijua mawe tu, hataenda kwa mutu mwenye kulia gizani.

Wadélégué, pelekeni jambo hili mu mukutano wa comité de sécurité et d'hygiène wenye kuja, na muombe liandikwe mu procès-verbal. Mutoto wa mbwa mwenye kuzaliwa leo hatakuwa tayari mbele ya miaka 2. Mvua zingine zitatupita kwanza. Njo maana kuomba kunaanza sasa, mbele ya ajali nyingine.